Nyayo za Laetoli na picha za kompyuta

Swali: Nyayo za Laetoli zimefukiwa ardhini. Wataalamu wanazichunguzaje?

Jibu: Timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za Eneo G mwaka 1978 na 1979, kisha ikazifukia ili zisiharibike. Migunga ikaota juu yake. Mwaka 1995 na 1996 zikafunuliwa, zikapigwa picha za vipimo na kufukiwa tena. (Usiandike kwamba zipo makumbusho, zilizopo huko ni nakala.)

Picha za vipimo hupigwa nyingi kutoka pembe mbalimbali, kila moja ikirudia sehemu ya iliyotangulia. Kompyuta hulinganisha alama zinazojirudia na kukokotoa kina cha kila nukta. Unyayo huonekana kwenye kioo, ukageuzwa, ukamulikwa kutoka ubavuni, ukapewa rangi kufuata kina, bila kuguswa.

Mfano mzuri zaidi kwa insha ni Eneo A. Nyayo tano zilizofunuliwa hapo mwaka 1977 zilidhaniwa na baadhi ya wataalamu kuwa za dubu. Mwaka 2019 zilifukuliwa upya, zikasafishwa, zikapigwa picha na kupimwa kwa skana ya leza. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kisigino kipana, tofauti na cha dubu: alipita zamadamu aliyetembea kwa miguu miwili, tena si wa aina ile ya Eneo G.

Angalizo: umri wa miaka milioni 3.66 haukutokana na picha, bali na kupima majivu ya volkano.

Zoezi: Kwa nini kisigino kilitosha kuibua upya mjadala wa Eneo A? (Alama 4)