SOMO LA MAKARANI WA MATAWI: KURUDUFU ORODHA YA ANWANI KATIKA KOMPYUTA



Matawi mengi ya viwandani na mashambani siku hizi yana kompyuta, na ndani yake orodha ya anwani za baruapepe. Karani huandika jina la orodha tu, na barua huwafikia wote waliomo kwa mara moja. Lakini tujiulize, ni akina nani waliomo? Orodha hiyo kwa kawaida ilianzishwa kwa matangazo ya jumla. Wamo wanachama, na yumo pia ofisa utumishi wa kampuni, maana naye hupelekewa ratiba ya mikutano ya pamoja. Sasa mazungumzo ya mishahara yanakaribia, na tawi linataka kukubaliana kwanza juu ya kiwango ambacho halitashuka chini yake. Barua hiyo ikipita katika orodha ya zamani, mwajiri ataisoma mapema kuliko wachuma chai wenyewe.

Wako makarani wanaofuta jina la ofisa kila wanapoandika barua. Njia hii hatuisifu, kwani siku ya haraka ndiyo siku ya kusahau. Wengine huandika orodha mpya kwa mkono, jina baada ya jina. Herufi moja ikikosewa, ndugu yetu hapati tangazo, na atasema chama kimemtenga. Iliyo bora ni kurudufu orodha iliyopo, kisha kuipunguza.

Tuchukue Outlook ya zamani, ile inayowekwa ndani ya kompyuta yenyewe. Fungua sehemu ya watu, penye picha ya vichwa. Bonyeza orodha mara moja tu ili ichaguliwe, usiifungue. Shikilia kitufe cha Ctrl na ubonyeze C, halafu shikilia tena Ctrl na ubonyeze V. Orodha ya pili itatokea. Kabla ya jambo lingine lolote ifungue, uipe jina jipya, kwa mfano "Wanachama Peke Yao", na uihifadhi. Orodha mbili zenye jina moja ni mtego: programu humalizia jina yenyewe ukiandika herufi chache, na karani hajui ni ipi imeingia.

Sasa mfute ofisa katika nakala. Orodha ya kwanza haiguswi, na anwani yake inabaki katika kitabu cha anwani. Ila kuna jambo linalowaponyoka wengi. Orodha inaweza kubeba orodha nyingine tumboni. Ikiwa kamati ya usalama kazini iliingizwa nzima kama jina moja, na ofisa ni mjumbe wake, jina lake hutaliona ukisoma juu juu. Iondoe kamati hiyo katika nakala, kisha waingize wanachama wake mmoja mmoja.

Jueni pia kwamba nakala hii ni kama ile ya karatasi ya kaboni: ikishatoka, ina maisha yake. Mwanachama mpya akiandikwa katika orodha ya kwanza, haingii katika ya pili. Karani aandike mara mbili, na aliyehama kiwanda afutwe mara mbili.

Wanaotumia Gmail wana utaratibu tofauti. Huko hakuna orodha ya kunakili, bali kila mtu hubandikwa lebo. Fungua lebo ya zamani, wachague wote, wabandike lebo mpya, halafu mwondolee ofisa hiyo mpya. Mtu anabaki mmoja mwenye lebo mbili, hivyo anwani yake ikisahihishwa mara moja inatosha. Kwa hili Gmail inampunguzia karani kazi.

Katika kutuma, jina la orodha liwekwe katika mstari wa Bcc, yaani nakala ya siri, ili anayepokea asione anwani za wenzake. Barua moja ikiangukia mikono mibaya, isiwe imebeba majina ya tawi zima.

Jaribio la mwisho katika Outlook, kabla ya barua ya kwanza: anza barua tupu, andika jina la orodha mpya, na ubonyeze alama ndogo ya kujumlisha iliyo kando yake. Majina yote yatajitandaza, na katika barua hiyo hayakunjiki tena. Karani ayasome kwa sauti, mwenyekiti akisikiliza, kisha barua hiyo ifungwe bila kuhifadhiwa.