Mashine ya Maabara Isipozungumza na Kompyuta

Mkazi wa Donholm anapotolewa damu katika zahanati, iwe Phase 5, Phase 8 au Savannah, huenda majibu yake yakasafiri kwa waya kutoka kwa mashine ya kupimia hadi kwenye kompyuta. Waya huo ukinyamaza, mhudumu hulazimika kuyanakili kwa mkono, na hapo ndipo hatari ilipo. Mama mjamzito mwenye hemoglobini ya gramu 6.8 kwa desilita ana upungufu mkali wa damu, kwani mpaka wa Shirika la Afya Duniani ni 7. Tarakimu zikipishana na 6.8 ikaandikwa 8.6, anaweza kurudishwa nyumbani bila kuhudumiwa inavyofaa.

Somo hili ni la wahudumu wa maabara, wanafunzi wa teknolojia na wenye zahanati. Mgonjwa naye atapata la kuuliza.

Mawasiliano hayo hufanywaje?

Mashine nyingi za maabara hutumia mfumo wa RS-232, uliotolewa Marekani mwaka wa 1960. Biti hutumwa moja baada ya nyingine, kama abiria wanaopanda matatu kupitia mlango mmoja. Kwa kazi ya kawaida nyaya tatu zinatosha. Katika tundu la pini 9 la kompyuta, pini 2 hupokea, pini 3 hutuma na pini 5 ni ya ardhi.

Soma dalili kwanza

• Kimya kabisa: shuku kebo, tundu au adapta.
• Herufi zisizosomeka: kuna kinachofika, ila huenda kasi ya pande mbili hailingani.
• Ujumbe unaanza kisha unakwama: pande mbili hazijibizani ipasavyo.

Hatua za kufuata

1. Piga picha mipangilio iliyopo kabla ya kugusa chochote. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha ujaribu.

2. Hakikisha namba ya tundu. Adapta ya USB ikihamishiwa tundu lingine, kompyuta inaweza kuipa namba mpya. Iliyokuwa COM3 ikawa COM5. Funga pia programu nyingine inayotumia tundu hilo, kwa sababu kwa kawaida programu mbili haziwezi kulitumia kwa pamoja.

3. Pima upande wa kompyuta. Chomoa kebo, unganisha pini 2 na 3 za kompyuta kwa kijiwaya, uzime udhibiti wa mtiririko, kisha uandike neno katika programu ya kutuma herufi. Neno likirudi, kompyuta na adapta ni nzima. Hakikisha programu yenyewe haionyeshi unachoandika, isije ikakudanganya.

4. Kagua kebo. Kuna kebo iliyonyooka na iliyopishana, na zote mbili hufanana kwa nje. Fuata kitabu cha mashine. Kebo ya kawaida isizidi takriban mita 15.

5. Linganisha mipangilio ya pande zote mbili: kasi, biti za data, usawa na biti za kusimamisha. Kasi ikiwa 9600, biti 8, bila usawa na biti 1 ya kusimamisha, kila herufi huchukua biti 10, yaani herufi 960 kwa sekunde.

6. Angalia kujibizana. Mashine nyingi hubisha hodi kwanza kwa ishara iitwayo ENQ, na kompyuta hupaswa kuitikia kwa ACK. Bila itikio, mashine haitumi majibu hata kebo ikiwa nzima.

Usifungue kifuniko cha mashine. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa.

Kabla ya kurudi kazini

Jaribu kwa sampuli ya udhibiti, si ya mgonjwa. Linganisha skrini ya mashine na kompyuta, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na namba ya sampuli. Na mawasiliano yakiwa bado yamekatika, mmoja anakili na mwingine ahakiki, na karatasi iliyochapishwa na mashine ihifadhiwe.

Nawe mkazi, ukipewa majibu yaliyoandikwa kwa mkono, soma jina na umri wako kwanza. Kisha uliza kwa upole: “Majibu haya yamehakikiwa na mtu wa pili?” Ni haki yako kuuliza, na mhudumu makini hatakerwa na swali hilo.