Kuku wa Shirika Mwabungo: Zamu, Chanjo na Daftari

Ukitoka Ukunda kwa barabara ya Lunga Lunga, unafika Mwabungo kabla ya Msambweni. Ni kijiji cha minazi na miembe, na karibu kila nyumba ina kuku wachache wanaojitafutia uani. Kideri kikiingia, hakiulizi mpaka wa ua. Kikianza kwa jirani, kesho kiko kwako. Ugonjwa ni wa kijiji kizima, basi na ufugaji haudhuru ukiwa wa pamoja. Kikundi chenye shamba la shirika la mboga na mihogo kinaweza kuongeza banda la kuku pembeni, mradi kazi za siku ziwe na wenyewe.

Banda

Jengeni kwa boriti na makuti, ncha za banda zielekee mashariki na magharibi ili jua lisipenye ndani. Pande ndefu wekeni wavu, upepo upite. Kuku 20 wanaotoka nje mchana hulala vizuri katika banda la mita 2 kwa 3 lenye vipandio. Jogoo mmoja anatosha makoo 10.

Asubuhi

Mwenye zamu hufungua saa kumi na mbili na nusu, akawahesabu wakitoka. Aliyejikunyata au anayeharisha kijani hutengwa papo hapo. Maji huja kabla ya chakula: kuku mmoja hunywa kama robo lita kwa siku, na zaidi joto la kaskazi likizidi. Vyombo visuguliwe kila siku na vikae kivulini.

Chakula kingi kipo kijijini: pumba za mahindi, dagaa, mchicha na machicha ya nazi. Machicha yatumike siku ileile, kwani yakivunda huota kuvu yenye sumu. Majani ya muhogo msiwape mabichi. Yakatwe, yanyaushwe juani kwanza.

Mchana

Adui wa vifaranga ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, ndege mgeni aliyetoka Bara Hindi akaenea pwani yetu yote. Vifaranga wakae chini ya tenga au wavu mkuukuu wa samaki kwa wiki nne za mwanzo. Usiku, matundu yote yazibwe, maana kicheche hupenya hata penye upenyo mdogo.

Mayai yaokotwe mara mbili, saa tano na saa kumi, na kila yai liandikwe tarehe kwa penseli. Ya kuatamia yasizidi siku saba. Koo mmoja mpe 10 hadi 12. Siku ya 21 utasikia vifaranga.

Jioni

Wakati wa kuku kuingia bandani ndio wakati wa wanakikundi kukutana chini ya mwembe. Watoto waliotoka madrasa huhesabu kuku, wazee hukumbusha zamu ya kesho, na mweka hazina hufungua daftari: mayai mangapi, yaliuzwa wapi, pumba zilinunuliwa kwa kiasi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mgao usemwe mapema: fungu la chanjo na chakula litengwe kwanza, kinachobaki ndicho kigawanywe. Samadi nayo ilundikwe ioze kabla ya kupelekwa kwenye mboga, kwa sababu mbichi huunguza miche.

Siku ya chanjo

Hapa ndipo shirika linapolipa. Chupa moja ya chanjo ya kideri hutosha kuku wengi, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Mwenye kuku watano akiinunua peke yake, sehemu kubwa humwagwa. Kijiji kikikusanyika, gharama ya kila kuku inakuwa ndogo. Tone moja jichoni, kwa kuku wazima tu, kisha rudieni kila miezi mitatu, na moja ya zamu hizo iwe kabla ya masika. Ulizeni afisa wa mifugo pia chanjo ya ndui, ugonjwa unaosambazwa na mbu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: anayenunuliwa sokoni akae peke yake wiki mbili. Aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe wala asiuzwe. Azikwe kwenye shimo refu au achomwe.

Anzeni hivi

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Andikeni katiba fupi, mjisajili kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, kisha pangeni zamu kwa majina na siku. Kazi ikiachiwa "sisi sote", maji hayaletwi na mtu. Kabla ya kununua hata tembe mmoja, ndugu zangu, ulizaneni: Jumatatu alfajiri, nani anafungua banda? Jina likishaandikwa, ufugaji umeanza.