Ndugu Akikamatwa kwa Ajili ya Ibada: Anza na Saa

Mtu akikamatwa hapa kwetu Kirando kwa jambo la ibada, usitarajie karatasi itakayosema hivyo. Itasema uchochezi, mkusanyiko bila kibali, uzururaji, au kuendesha jumuiya isiyosajiliwa. Ndiyo maana ukifika kituoni na kuanza kulia kwamba dini yenu inaonewa, mkuu wa kituo ana jibu tayari: hapa hakuna habari ya dini, kuna kosa. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda imani ya kila mtu, na itakuja kuhitajika mbele ya hakimu. Siku ya kwanza, shughulika na saa.

Tafuta daftari la shule na kalamu, uandike kabla waliokuwepo hawajaanza kusimuliana, maana wakishasimuliana kila mmoja atakuwa ameona kila kitu. Maandishi yawe makavu: "Jumapili, saa tatu na robo asubuhi. Wamekuja wanne: polisi wawili wenye sare, mgambo, na mtendaji. Wamesema amri imetoka juu. Hawakuonyesha karatasi. Wamechukua Biblia mbili, simu moja na buku la mahudhurio." Hapo neno "wametudhalilisha" halina kazi. Kama mtu amepigwa kofi, andika kofi, shavu gani, na nani. Kisha chini yake waliokuwepo watie sahihi au dole gumba.

Halafu uliza swali moja tu: amekamatwa kwa amri ya nani? Jibu ndilo litakaloonyesha njia. Mtendaji wa kata hana selo yake. Akimkamata mtu anapaswa kumkabidhi polisi. Wakiwa ni polisi, sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana apewe dhamana, isipokuwa kosa liwe zito. Dhamana ya polisi ni bure, hata kama kuna atakayekunong'oneza habari ya "mafuta ya gari". Wadhamini waje na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho ya mtendaji. Barua hiyo iombeni mapema, maana mtendaji anayewaombea muachiwe leo anaweza kuwa yuleyule aliyewaitia mgambo jana.

Ikiwa ni amri ya Mkuu wa Wilaya, ile ambayo wengi wanaiita "saa 48", fahamu kwamba sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 haikumpa fimbo ya kumchapia kila anayemuudhi. Lazima awe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo ametenda kosa linaloshtakiwa au anakaribia kuvunja amani, aandike sababu zake, na mtu apelekwe kwa hakimu. Saa 48 zikipita bila hakimu, anastahili kuachiwa, na hawezi kukamatwa tena kwa amri hiyo kwa sababu ileile. Kwa hiyo nenda ofisini kwake Namanyere na barua fupi ya kuomba nakala ya amri na sababu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, andika kwenye daftari jina au cheo cha aliyekataa, na saa.

Chakula kipelekwe kila siku na mtu yuleyule. Ugali na migebuka kwenye bakuli lenye mfuniko, wala si fungu kubwa la kugawana na selo nzima. Askari akitaka uonje kwanza, onja. Kazi ya bakuli ni kubwa kuliko njaa: anayelileta anamwona ndugu, anasikia sauti yake, anajua kama anachechemea. Siku watakayosema "acha hapo, tutampa", uliza kama bado yupo kituoni. Mahabusu huhamishwa kwenda Namanyere au Sumbawanga bila familia kuambiwa, na kwa barabara zetu siku moja ya kumtafuta mtu ni siku nzima kweli.

Mwambie ndugu pia habari ya kutoa maelezo polisi. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne, na ukiongezwa lazima kuwe na sababu. Ana haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa mahojiano. Asitie sahihi asichosomewa. Waumini wengi huharibu hapa: anaulizwa kama alihubiri, anaona kukaa kimya ni kumkana Mungu, anatoa hotuba ya kurasa tatu, na katikati ya hotuba anamtaja kila aliyekuwepo. Kuikiri imani inatosha sentensi moja. Majina ya wengine si sehemu ya kuikiri.

Wewe nawe muulize ndugu yako, faraghani, kilichotokea. Kama alimpiga mtu au alihimiza apigwe, bado anastahili wakili na chakula, lakini usimpeleke kwa watu kama mfungwa wa dhamiri. Jina hilo, lililosambazwa na Amnesty International tangu 1961, ni la mtu asiyetumia wala kuhimiza ghasia. Ukilitumia ovyo mara moja, barua yako ya pili haisomwi.

Kama aliyeguswa ni mtoto shuleni, kesi ya kushika mkononi iko jirani. Wanafunzi 127 Mashahidi wa Yehova mkoani Mbeya walifukuzwa au kusimamishwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa; walisimama kimya tu wenzao wakiimba. Mahakama Kuu iliwakatalia. Mahakama ya Rufani, Julai 2013, ikawapa haki yao. Mkuu wa shule akimrudisha mtoto wako nyumbani kwa sababu ya namna hiyo, omba barua ya kumsimamisha yenye sababu, kisha mpelekee nakala ya hukumu. Bila barua ile ya kwanza huna cha kukatia rufaa. Dini hiyohiyo ilipigwa marufuku nchini mwaka 1965 na kusajiliwa tena 1987, kwa hiyo karatasi ya usajili si ya kuchezea. Wekeni nakala ya cheti cha usajili na barua ya makao makuu kwenye nyumba tatu tofauti, si kanisani au msikitini peke yake. Na mkivamiwa katikati ya ibada, kumbukeni kwamba Kanuni ya Adhabu inahesabu kuvuruga mkutano halali wa ibada kuwa kosa. Nanyi mnaweza kufungua jalada.

Wakili kwetu ni mbali na ni ghali. Mtafute msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya. Yeye hasimami mahakamani, ila anajua kuandika barua. Mtu akipotelea kizuizini, hapo sasa ni wakili na Mahakama Kuu Sumbawanga, kuomba aletwe mbele ya jaji.

Kelele nazo zina wakati wake. Mara nyingi saa 24 za kwanza mazungumzo ya kimya humtoa mtu, na sauti iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp humfunga kwa kosa jipya la mtandao. Lakini kosa likiandikwa ugaidi, dhamana hakuna, na kimya kitamzika. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, Farid Hadi Ahmed na Mselem Ali Mselem, walikaa mahabusu miaka kadhaa kwa mashtaka ya ugaidi, Tanzania Bara, mbali na familia zao, hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021. Kule Eritrea, Mashahidi wa Yehova watatu walishikiliwa tangu 1994 bila kesi, wakaachiwa Desemba 2020. Majina yao yalikuwa yakirudiwa kwenye ripoti na barua miaka yote hiyo. Ukiamua kupaza sauti, familia ikubali kwanza, utoe yaliyomo kwenye daftari tu, na upeleke pia kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Siku ya kuachiwa, msikimbilie pikipiki. Hesabuni vitu vilivyochukuliwa kwa kulinganisha na daftari, na msitie sahihi ya kupokea simu ambayo haijarudi. Kama kesi ilifika mahakamani, mwulizeni karani: kesi imeondolewa au mshtakiwa ameachiwa huru na mahakama? Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa kesi, sheria inamruhusu kuifungua tena. Ombeni nakala ya amri yenye muhuri, muisome palepale nje ya mahakama.