ANAYELALA MCHANA SI MVIVU

Mkoa wa Simiyu hulima pamba nyingi. Msimu ukifika, viwanda vya kuchambua pamba hufanya kazi usiku na mchana. Wafanyakazi hupokezana kwa zamu.

Wengi wao ni wakulima. Mtu hutoka zamu ya usiku asubuhi, akaenda kuvuna au kuchunga ng'ombe. Jioni anarudi kiwandani. Je, amelala saa ngapi?

Uchovu huu una hatari gani?

Mwili umezoea kulala usiku. Usingizi huwa mzito zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa kufikiri na kutenda, kama aliyekunywa pombe. Akisinzia kidogo tu karibu na mashine, mkono unaweza kunaswa. Akisinzia juu ya baiskeli katika barabara ya Bariadi hadi Lamadi, anaweza kugongwa na gari.

Tufanye nini?

1. Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza. Kazi ya shamba ifuate baadaye. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi.

2. Tia giza chumbani. Tundika kitenge dirishani, lakini hewa ipite. Tumia chandarua.

3. Usiku kula chakula chepesi, kama uji au viazi. Chai ya rangi na kahawa unywe mwanzo wa zamu tu. Ukinywa alfajiri, hutalala asubuhi.

4. Usinywe pombe ili upate usingizi. Usingizi wake ni mbaya.

5. Jamaa wa nyumbani, msimwamshe kwa jambo dogo. Watoto wacheze mbali. Redio ipunguzwe sauti.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apumzike, kwa kawaida, saa 12 mfululizo kabla ya kuanza kazi tena. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya malipo ya asilimia 5.

Ndugu, ukimwona jirani amelala mchana, usimcheke. Anajiandaa kurudi kazini salama.

Maswali

1. Usingizi huwa mzito zaidi saa ngapi?
2. Kwa nini tusinywe kahawa alfajiri?
3. Nyumbani kwako, nani atamlinda anayelala mchana?