Mipaka ya Maana Baina ya Maneno ya Maradhi na Masaibu: Mifano kutoka Kiambere

Mtoto wa Kiambere, katika eneo kame la Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, huujua uwele shambani kabla ya kuusoma kamusini. Ni nafaka inayostahimili jua la huko. Akifika chuoni akakutana na washairi wa pwani wanaolia kwa uwele, huenda akadhani kwamba wamekosa chakula. Uwele huo wa pili, ambao wengine huuandika uele, ni ugonjwa. Nduguye ni ndwele ya ile methali mashuhuri, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hapa fasiri ya kamusi, kwamba ndwele ni ugonjwa, haitoshi. Hakuna tabibu anayeandika ndwele katika cheti cha mgonjwa. Neno hilo limebaki katika ushairi na methali, na aghalabu hutaja kinachouma moyo sawa na kinachouma mwili.

Maradhi, kutoka Kiarabu, yako katikati. Husikika zaidi pwani na katika lugha ya adabu, nayo hupenda kutaja jambo la muda mrefu au la siri, kama katika usemi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa ndilo neno la hospitali, la takwimu na la kila siku.

Mnamo 1977 Leon Eisenberg, daktari wa akili wa Marekani, alipendekeza kwamba Kiingereza kitenge disease na illness: la kwanza liwe kasoro anayoiona daktari, la pili liwe mateso anayoyaishi mgonjwa. Wanaotafsiri maandishi ya afya hutafuta jozi ya nomino zitakazobeba tofauti hiyo, wakalazimisha ugonjwa upande mmoja na maradhi upande wa pili. Jozi hiyo haisimami. Kiswahili huiweka kazi hiyo katika vitenzi. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa asiumwe, na anaweza kuumwa pasipatikane ugonjwa.

Lakini kuumwa nako kuna mtego wake, kwa kuwa ni kutendwa kwa kuuma. Katika nchi ya bafe na mawe ya jua kama Kiambere, mtego huo si wa darasani tu. “Mtoto anaumwa mguu” ni habari ya maumivu. “Mtoto ameumwa mguuni” ni habari ya meno. Njeo moja na kiambishi kimoja cha mahali ndivyo vinavyotenganisha dawa ya maumivu na safari ya haraka ya kutafuta dawa ya sumu ya nyoka. Tena wasemaji wengi wa bara huongeza “na” pote, wakasema mtu anaumwa na mguu kama vile mguu una meno. Walimu hulisahihisha kosa hilo kwa sababu ya sarufi. Ingefaa walisahihishe kwa sababu ya zahanati.

Upande wa masaibu maneno ni mengi zaidi, na kinachoyatenga ni swali la nani anayewajibika. Msiba na masaibu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wa kitu kinachompata mtu, lakini Kiswahili kimeugawa: msiba umeelekea kwenye kifo na matanga, masaibu yakabaki na taabu za jumla. Balaa kwa asili ni jaribio, ndiyo maana muumini huiombea subira. Mkosi na nuksi humwandama mtu mmoja, naye huanza kutazamwa kwa jicho baya. Ajali ndiyo yenye historia ya kushangaza: Kiarabu kilimaanisha muda uliowekwa, hasa mwisho wa uhai. Gari lililopinduka likiitwa ajali, ndani ya neno mna fununu kwamba siku ya abiria ilikuwa imefika, na dereva amekwisha kusamehewa nusu. Maafa hayasamehi hivyo. Huhesabu waliopotea na mali iliyoangamia, kisha husubiri serikali.

Janga nalo limekuwa neno la kutangaziwa. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Machi 2020 korona ilipoingia Kenya, janga lilitumiwa kila siku hata baadhi ya watu wakadhani maana yake ni ugonjwa ulioenea duniani. Lakini Septemba 2021 ukame ulitangazwa pia janga la kitaifa, na ukame hauambukizi. Janga ni ukubwa wa jambo, si aina yake.

Mfano mzito uko ng'ambo ya Mto Tana. Bwawa la Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1988, limekaa mpakani mwa Mbeere na Kitui. Mwaka 2004 watu wa Kitui, Makueni na wilaya za jirani walianza kugeuka macho manjano na kufa. Kufikia Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Waliugua, naam, lakini hawakuambukizana: mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalikuwa yameota ukungu wenye sumu, aflatoksini, ambayo Tanzania imeiundia neno zuri, sumukuvu.

Mwandishi wa habari anaweza kuripoti kwamba watu hao waliuawa na ugonjwa, na jirani akaogopa kumsalimu mgonjwa kwa mkono. Anaweza kusema kwamba walipatwa na mkosi, na wafiwa wakaanza kutafuta mchawi. Akiandika kwamba walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, mkulima wa Kiambere anayemsikiliza redioni atainuka aende ghalani akayatazame yake.