Kiangazi Minneapolis: Kozi Moja au Mbili?

Theluji ikishayeyuka hapa Minneapolis, mwezi wa tano, watu wa kwetu wanaanza kuniuliza swali lile lile, kanisani, kazini, hata kwenye foleni ya duka la nyama ya halali: dada, kiangazi hiki nichukue kozi ngapi? Wengi wetu tunahudumia wazee usiku, mchana tunasoma vyuo vya jamii vya miaka 2, na lengo ni uuguzi. Huko Kenya nako karo ya muhula wa pili ya wadogo zetu inasubiriwa mwezi huo huo. Naelewa kabisa kwa nini mtu anataka kumaliza haraka.

Lakini usihesabu kozi, hesabu saa. Kozi ya krediti 3 kwa kawaida hukudai saa 3 za darasani kwa wiki na nyingine 6 za kusoma mwenyewe. Katika muhula wa wiki 15 hizo ni saa 135. Kiangazi mtaala haupungui, kinachopungua ni wiki tu. Saa zile zile ukizibana ndani ya wiki 8 ni kama 17 kwa wiki; ndani ya wiki 5 ni 27. Kozi ya mtandaoni nayo ni hivyo hivyo, ingawa wengi huichukua wakidhani ni nyepesi.

Mimi nilichukua anatomia ya krediti 4 pamoja na takwimu ya krediti 3, wiki 8, huku nikifanya zamu 5 za usiku kila wiki. Piga hesabu: masomo saa 39, kazi saa 40. Kadi za mifupa nilizitia mfukoni mwa sare. Saa tisa usiku, wazee wamelala, nakaa kwenye kiti cha ushoroba, nabonyeza kifundo cha mkono wangu nikitaja mifupa yake 8: skafoidi, lunati, trikwetramu... Kengele ya chumba inalia, naenda kumgeuza mzee, nikirudi naanza upya. Wiki ya nne nilisinzia ndani ya basi mpaka kituo cha mwisho, mtihani wa maabara ukanipita. Anatomia nikapata C, na ilibidi niirudie muhula uliofuata kwa pesa yangu mwenyewe. Programu za uuguzi zina ushindani, na alama za sayansi ndizo hutazamwa kwanza.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama unafanya kazi saa 40, chukua kozi moja, na isiwe ya sayansi. Chukua uandishi, saikolojia au historia. Anatomia na mikrobiolojia ziachie muhula mrefu, uzipe nafasi zikuingie. Kozi mbili ni za mtu aliyepunguza zamu au ambaye watoto wake wanalelewa na bibi yao.

Vibali na pesa pia vina neno. Mwenye visa ya F-1 aliyekwisha kusoma mwaka mzima, na atakayerudi darasani baada ya likizo, halazimiki kusoma kiangazi. Lakini kama masomo yako ndiyo yanaanza kiangazi, lazima ubebe mzigo kamili. Kaulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujajiandikisha, usitegemee maneno ya rafiki. Mwenye grini kadi anayepata Pell, ruzuku ya masomo ya serikali kuu, akiwa ameimaliza yote ya mwaka, tangu 2017 anaweza kupewa nyongeza ya kiangazi, ila kwa kawaida awe na angalau krediti 6. Hapo ndipo wengi hunasa: wanaongeza kozi ya pili kwa ajili ya ruzuku, kisha inawashinda.

Na ikikushinda, toka mapema. Tarehe ya kuacha kozi ukarudishiwa ada huwa siku chache tu baada ya masomo kuanza. Iandike ukutani siku unayojiandikisha. Ukiacha kozi baada ya tarehe hiyo, unaandikiwa W, yaani umejiondoa. Herufi hiyo haishushi wastani wako, lakini inahesabika kama kozi uliyoanza usiimalize, na zikiwa nyingi msaada wa masomo unaweza kusimamishwa.

Mwezi wa sita jua hapa huzama saa tatu usiku. Baada ya darasa, usiende moja kwa moja kwenye zamu ya ziada. Nenda kando ya ziwa, kaa saa nzima, kisha kalale.